Kofia tatu za George Rowland Hill

Alipuliza filimbi, akasimamia sheria, akahukumu mashauri. Katibu aliyeijenga raga ya England ndiye aliyeshikilia msimamo ulioipasua vipande viwili.

Jumamosi ya tarehe 16 Februari 1889, maelfu ya watu walijaa Rectory Field, uwanja wa Blackheath, kusini-mashariki mwa London. England ilikuwa ikicheza na wageni waliotoka upande wa pili wa dunia: New Zealand Natives, kikosi ambacho wachezaji wake wengi walikuwa Wamaori. Walivaa jezi nyeusi zenye nembo ya jani la jimbi, na walikuwa timu ya kwanza kucheza haka katika viwanja vya Uingereza.

Mchezo ulikuwa umekwisha kuchemka pale Andrew Stoddart, nyota wa England, alipoponyoka na mpira. Tom Ellison akamdaka. Bukta ya Stoddart ikachanika.

Enzi zile za Malkia Victoria, mwanamume kubaki hivyo mbele ya mabibi waliokaa kutazama ilikuwa aibu isiyosemeka. Wageni wakafanya la kiungwana: wakaacha kucheza, wakamzunguka Stoddart ili abadili nguo bila kuonekana. Wakiwa wamesimama hivyo, Frank Evershed wa England akauokota mpira, akakimbia nao hadi kati ya milingoti, akauweka chini.

Refa akakubali trai.

Wamaori waliwaka. Kabla ya hapo walikwisha kulalamikia trai za mwanzo za England, wakisema wao ndio waliowahi kuugusa mpira chini kwenye eneo lao. Safari hii baadhi yao wakatoka uwanjani, na refa akaanzisha mchezo wao wakiwa nje, hadi waliposhawishiwa kurudi. England ikashinda 7–0.

Refa huyo aliitwa George Rowland Hill. Hiyo ilikuwa kofia yake moja. Alikuwa pia katibu wa heshima wa Rugby Football Union, chama kinachosimamia raga ya England. Chama hicho ndicho kilichoteua kikosi cha wenyeji, na ndicho kilichokuwa mwenye sheria za mchezo.

Tena mambo hayakuishia uwanjani. Chama kilidai wageni waombe radhi. Telegramu yao ya kwanza ikaonekana haitoshi, na maneno ya ile ya pili ilibidi wayapokee kwa imla kutoka kwa Hill mwenyewe. Walipoondoka nchini hakuna kiongozi wa Chama aliyekwenda kuwaaga. Mtu mmoja aliamua, akashtakiwa kwa uamuzi wake, akaisikiliza kesi hiyo, kisha akawaandikia walalamikaji maneno ya kuomba msamaha.

Hakuna aliyewahi kuonyesha kwamba Hill alikuwa mla rushwa au mdanganyifu. Alikuwa mwadilifu, mchapakazi, mtu wa neno lake, na ndiyo sababu maisha yake yanastahili kusomwa upya na kila anayeshika uongozi wa michezo. Madhara makubwa yaliyoipata raga ya England katika zama zake yalitoka kwa mtu mwema aliyeamini kwamba hali yake ndiyo hali ya kila mtu.

Karani wa mirathi

Hill alizaliwa Greenwich mwezi Januari 1855, akasoma Christ's Hospital, shule kongwe ya hisani iliyokuwa katikati ya London. Kazi iliyompa mkate ilikuwa ya ofisini, Somerset House, kwenye usajili wa mirathi. Saa za kazi zilipokwisha alikuwa mtu wa raga. Alichezea klabu ya Queen's House, ya kwao Greenwich. Hakufikia kiwango cha timu ya taifa, na si kwa uchezaji wake jina lake limebaki.

Alikuwa kijana wa miaka 16 wawakilishi wa klabu 21 walipokutana Pall Mall Restaurant, London, tarehe 26 Januari 1871, wakaunda Chama. Kabla ya hapo kila shule na kila klabu ilikuwa na kanuni zake, na mechi ilianza kwa mabishano juu ya kipi kinaruhusiwa. Sheria 59 za kwanza ziliandikwa na mawakili watatu, wote waliosoma shule ya Rugby. Mmoja wao, Leonard Maton, aliifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo akiwa amelala na mguu uliovunjika. Miezi miwili baada ya mkutano ule, England ilikwenda Edinburgh kucheza na Scotland, wachezaji 20 kila upande, ikafungwa.

Mwaka 1881 Hill akakabidhiwa ukatibu. Aliushika kwa miaka 23, hadi 1904, kisha akawa rais hadi 1907. Barua za klabu zilipita mikononi mwake, na ratiba, na malalamiko, na ugomvi wa mikoa. Juu ya hayo alichezesha mechi za kimataifa, akafanya hivyo hadi miaka ya 1890.

> Kwa miaka 23 alifanya kazi ya katibu bila mshahara, akaamini kwamba mchezaji naye anaweza.

Urefa wa siku zile haukuwa huu tunaouona kwenye televisheni. Kila timu ilikuja na mwamuzi wake aliyeshika fimbo. Mchezaji alipoona kosa alilalamika. Mwamuzi wa upande mmoja akiinua fimbo kukubali, refa alipuliza filimbi. Waamuzi wa pembeni walikuwa na upande, kila mtu alijua hivyo, na hakuna aliyeshangaa. Haki yote ya mchezo ilibaki kwa yule wa katikati.

Neno la refa

Hill alikuwa ameipigania hadhi ya huyo wa katikati tangu mapema. Tarehe 1 Machi 1884, pale pale Blackheath, England ilicheza na Scotland. Mscotland mmoja aliurudisha mpira nyuma kwa mkono, jambo ambalo kwao lilikuwa kosa. Waingereza wakaendelea kucheza, Richard Kindersley akafunga trai. Wascotland wakadai mchezo ulipaswa kusimama kwa kosa lile. Waingereza wakajibu kwamba mkosaji hawezi kunufaika na kosa lake mwenyewe. Ubishi ukasimamisha mechi kwa dakika nyingi, hatimaye England ikapewa pointi, ikashinda.

Barua zilifuata, kali na ndefu. Msimamo wa Chama, ambao Hill aliusimamia kama katibu, ulikuwa kwamba neno la refa ni la mwisho. Scotland ikakataa kucheza na England mwaka 1885. Mwaka 1886 Scotland, Ireland na Wales zikaanza kuunda Bodi ya Kimataifa ya kusimamia sheria. England, yenye klabu nyingi kuliko wote watatu, ikakataa kuingia kama mmoja tu kati ya wanne waliolingana. Katika misimu ya 1888 na 1889 majirani hao hawakucheza nayo kabisa.

Ndiyo maana mechi ya Wamaori ilikuwa mechi pekee ya kimataifa ya England mwaka ule.

Shauri hilo lilikwisha mwaka 1890 kwa usuluhishi wa watu wawili: jaji mmoja wa Scotland, Lord Kingsburgh, na Meja Francis Marindin, rais wa chama cha soka. England ikaingia katika Bodi na kupewa viti 6 kati ya 12, Hill akiwa mmoja wa wawakilishi wake.

Kwa upande huu mimi namuunga mkono Hill. Mchezo usio na neno la mwisho hauwezi kwisha, na mtu aliyejenga desturi ya kumheshimu refa ametufanyia jambo kubwa sote. Lakini heshima hiyo ina sharti lake: anayelitoa neno la mwisho asiwe mwenye timu. Sharti hilo Hill hakuliona. Aliamini kwamba moyo wake safi ulitosha, na kwamba Mmaori aliyeutilia shaka alikuwa anakosa adabu.

Tom Ellison hakusahau. Katika kitabu chake juu ya sanaa ya raga, kilichochapishwa mwaka 1902, aliirudia siku ile ya Blackheath na maamuzi ya refa wake. Ellison huyo ndiye aliyependekeza jezi nyeusi na jani la jimbi viwe vazi rasmi la New Zealand.

Nusu siku ya mshahara

Jambo lililompa Hill nafasi yake katika historia, hata hivyo, lilihusu fedha, na fedha zenyewe zilikuwa kidogo.

Raga ilikuwa imeanzia katika shule za matajiri. Kufikia miaka ya 1880 ilikuwa imekwisha kushuka migodini na viwandani kaskazini mwa England, katika mikoa ya Yorkshire na Lancashire. Wigan, Halifax, Bradford, Leeds, Hull: miji ya makaa, pamba, sufu na bandari. Kombe la Yorkshire, lililoanza 1877, lilikuwa linavuta umati ambao klabu za London hazikuuota. Watazamaji walilipa kiingilio, na klabu zikapata fedha za kujenga viwanja.

Mchezaji wa huko alikuwa mchimba makaa au fundi wa mashine za kufumia. Jumamosi kazi iliendelea hadi mchana. Mechi ya ugenini ilimaanisha kuacha kazi asubuhi na kukatwa ujira wa siku hiyo. Ziara ya siku mbili tatu ilikata zaidi. Akivunjika mkono, wiki kadhaa zilipita bila senti nyumbani.

Wakili wa London au mwanafunzi wa Oxford hakukatwa kitu. Wala karani wa Somerset House.

Mwaka 1886 Chama kilipitisha kanuni kali za uchezaji wa ridhaa, Hill akiwa mstari wa mbele kuzipendekeza. Mchezaji asipokee fedha kwa kucheza. Asilipwe hata fidia ya muda wa kazi uliopotea. Nauli na malazi tu ndivyo viliruhusiwa.

Makali ya kanuni hizo yalionekana haraka. Mwaka 1888 kikosi cha wachezaji wa Uingereza kilikuwa kinajiandaa kusafiri kwenda Australia na New Zealand. Jack Clowes wa Halifax alipokea pauni 15 za kununulia mavazi ya safari. Chama kikamtangaza kuwa mchezaji wa kulipwa, meli ikiwa karibu kung'oa nanga. Clowes alisafiri na wenzake lakini hakucheza. Kijana alivuka bahari akaketi pembeni kwa miezi mingi, kwa sababu ya suti na mabegi.

Walichohofia, na walichoomba

Inafaa kuwatendea haki watu wa upande wa Hill, kwa kuwa hofu yao haikuwa ya kubuni. Walikuwa wameitazama soka. Mwaka 1883 Blackburn Olympic, timu ya wafanyakazi wa Lancashire, iliwafunga Old Etonians katika fainali ya Kombe la FA. Miaka miwili baadaye chama cha soka kikahalalisha malipo. Mwaka 1888 ligi ikaanza, na klabu zote 12 za mwanzo zilitoka kaskazini na kati mwa nchi. Vijana wa shule za kifahari, walioutawala mchezo huo miaka kumi tu nyuma, walikuwa wametoweka kwenye fainali.

Watu wa ridhaa waliona njia hiyo wakasema haitapita kwao. Walisema mtu anayelipwa hachezi tena, anafanya kazi. Walisema klabu tajiri itanunua wachezaji wa klabu maskini, na kwamba anayecheza kwa furaha hawezi kushindana na anayefanya mazoezi kwa ujira. Wapo walioongeza, bila haya, kwamba asiyemudu gharama za mchezo aache kucheza. Nimeusikia usemi huo ukirudiwa katika michezo mingine na zama nyingine, na kila mara anayeusema ni mtu mwenye uwezo.

Kaskazini hawakuomba mshahara. Inashangaza jinsi jambo hili linavyosahaulika. Waliomba fidia ya muda wa kazi uliopotea, basi: mtu akipoteza ujira kwa ajili ya klabu au kwa ajili ya England, arudishiwe kile alichopoteza. James Miller wa Yorkshire, msemaji wao mkuu, alijenga hoja yake juu ya usawa. Mfanyakazi anaombwa ajitoe kwa kiwango ambacho mwenye mali hajawahi kuombwa.

Nao hawakuwa malaika. Malipo ya siri yalikuwepo. Mchezaji hodari aliweza kupewa kazi ya kusimamia baa, au kupokea zawadi isiyoelezeka. Klabu zilikuwa zinachuma mlangoni na kuficha vitabu. Hill alijua, na kwake huo ulikuwa ushahidi kwamba ukifungua mlango kidogo, mwizi ataingia. Kwangu mimi unathibitisha kinyume chake: kanuni isiyolingana na maisha ya watu huwafundisha kudanganya.

> Kaskazini hawakuomba mshahara. Waliomba mtu arudishiwe kile alichokatwa kazini.

Kura 282

Tarehe 20 Septemba 1893, Mkutano Mkuu ulikaa Westminster Palace Hotel, London. Wajumbe wa Yorkshire walishuka kwa treni maalumu. Miller akatoa hoja: wachezaji waruhusiwe kufidiwa muda wa kazi waliopoteza kwa kweli.

Uongozi ulikuja umejipanga. Rais William Cail na katibu Hill walisimama pamoja kutetea marekebisho yaliyoigeuza hoja chini juu, yakitangaza kwamba jambo hilo ni kinyume cha masilahi na moyo wa mchezo. Nyuma ya pazia kampeni ilikuwa imefanyika kwa wiki kadhaa. Mtu mmoja, H. E. Steed wa klabu ya Lennox, aliingia ukumbini na kura 120 za wakala, kutoka klabu ambazo hazikutuma mjumbe.

Matokeo: 282 kwa 136. Uongozi ulishinda. Hata ukiziondoa kura zote za wakala alizobeba Steed, bado wangeshinda, ila kwa tofauti ndogo: 162 kwa 136. Takwimu hiyo inaniuma kuliko ile rasmi. Ukumbini mle, miongoni mwa wengine wote, karibu nusu ndio waliotaka mfanyakazi afidiwe. Kiongozi mwenye hekima akiona mgawanyiko wa namna hiyo hutafuta mwafaka. Hill na wenzake walitafuta ushindi, wakaupata.

Wakaongeza kufuli juu ya mlango: klabu zenye wachezaji wa ridhaa watupu ndizo pekee zilizostahili kuwa wanachama.

Hoteli ya Huddersfield

Jioni ya tarehe 29 Agosti 1895, wajumbe wa klabu kubwa za kaskazini walikutana George Hotel, Huddersfield. Wakajitoa katika Chama, wakaunda umoja wao, Northern Union. Klabu 22 zikaanza msimu mpya mwezi uliofuata: Wigan, St Helens, Leeds, Hull, Bradford, Halifax, Warrington na wenzao. Fidia waliyoiruhusu ilikuwa shilingi 6 kwa siku.

Shilingi sita. Kwa sababu ya kiasi hicho mchezo mmoja ukawa miwili hadi leo.

Mafuriko aliyoyahofia Hill hayakuja kama alivyoyaona akilini. Northern Union iliporuhusu malipo kamili mwaka 1898, iliweka sharti kwamba kila mchezaji awe na kazi halali nje ya raga. Polepole ikabadili na mchezo wenyewe: wachezaji 13 badala ya 15 kuanzia 1906, vurumai chache, mbio nyingi. Mwaka 1922 ikachukua jina la Rugby Football League.

Raga ya Chama ililipa gharama yake mara moja. Mwaka 1892 England ilikuwa imezifunga Wales, Ireland na Scotland bila kuruhusu pointi hata moja, ikiwa na wachezaji wengi wa kaskazini. Yorkshire ilikuwa inalibeba taji la mikoa karibu kila mwaka. Baada ya hapo England haikutwaa ubingwa wa majirani peke yake hadi 1910. Klabu wanachama, zilizokuwa 481 mwaka 1893, zilibaki 244 mwaka 1903.

Hill alizijua takwimu hizi vizuri. Ofisi ilikuwa yake. Hakutikisika. Alikuwa radhi Chama kiwe kidogo na safi kuliko kiwe kikubwa na chenye doa. Uthabiti wake nauheshimu. Hesabu yake siiheshimu, kwa kuwa waliolipa ni wengine. Mchezaji aliyekwenda kaskazini, hata kwa mechi moja, alifungiwa milele kurudi. Vijana wengi wa Cornwall na Wales walipanda treni wakijua kwamba klabu iliyowalea haitaruhusiwa kuwapokea tena kama wachezaji.

Nyumba ya Arthur Gould

Hata hivyo, palikuwa na siku ambapo kanuni ilikunjwa, na hapa uadilifu wa watu wa Chama unaingia majaribuni.

Arthur Gould wa Newport, nahodha wa Wales, alikuwa mchezaji aliyependwa kuliko wote wa siku zake. Mwaka 1897 mashabiki wake walichanga fedha, na kutokana na mchango huo akanunuliwa nyumba. Kwa kipimo kilichomuangusha Clowes kwa pauni 15, nyumba nzima ilikuwa malipo yasiyo na ubishi. Bodi ya Kimataifa ikasema hivyo. Wales ikakasirika, ikajitoa katika Bodi.

England ingefanya nini? Mnamo Septemba 1897 mkutano wa Chama uliamua kwamba suala la Gould lilikuwa la kipekee, akaruhusiwa kuendelea kucheza dhidi ya klabu za England. Klabu za magharibi mwa England zilizitegemea mechi za Wales kwa mapato, na Wales ikifukuzwa ingeweza kuangukia mikononi mwa Northern Union. Mwaka 1898 Wales ikarejea katika Bodi.

Kumbe mwafaka uliwezekana. Miaka minne tu baada ya Westminster, Chama kilikuta kwamba hali za watu hutofautiana na kwamba kanuni inaweza kusubiri mlangoni. Nahodha wa Wales alinufaika na ugunduzi huo. Mchimba makaa wa Yorkshire alikuwa amekwisha kuondoka.

Sir George

Mwaka 1905, Hill akiwa rais, New Zealand ilikuja tena Uingereza, safari hii ikiitwa All Blacks. Tarehe 2 Desemba walicheza na England Crystal Palace, mbele ya umati mkubwa. Walishinda 15–0 kwa trai tano, nne zikifungwa na Duncan McGregor. Hapakuwa na haja ya kubishana na refa. Ellison hakuiona siku hiyo. Alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Joe Warbrick, nahodha wa ile ziara ya kwanza, alikufa mwaka 1903 katika mlipuko wa chemchemi ya maji moto ya Waimangu.

Heshima zilimfuata Hill hadi uzeeni. Mwaka 1926 Mfalme alimtunuku cheo cha Sir, mtu wa kwanza kukipata kwa utumishi wake katika raga. Alifariki Aprili 1928. Mwaka uliofuata lango la ukumbusho lilizinduliwa kwa jina lake katika uwanja wa Twickenham.

Kanuni aliyoilinda iliishi muda mrefu kuliko yeye, ikasafiri kokote mchezo ulikokwenda. Nchini Kenya, ambako raga ililetwa na walowezi na kwa miaka mingi ikabaki ya Wazungu peke yao, klabu za Nairobi nazo zilikua chini ya sharti lile lile la ridhaa. Bodi ya Kimataifa ililiondoa sharti hilo Agosti 1995, katika mkutano wa Paris.

Upande wa ukatibu ulibadilika mapema zaidi. Hill alipoachia kiti mwaka 1904, kazi ilikuwa imekua mno kwa mtu mwenye ajira nyingine: barua, ziara za kimataifa, hesabu za fedha za mlangoni. Kamati ikakubaliana kwamba hakuna anayeweza kuombwa aifanye bila kufidiwa muda wake. Aliyechukua nafasi yake, Percy Coles, aliajiriwa kwa mshahara.